Motown yangu inaskika kama mtu mwingine na CD zinaruka mwisho: nianze wapi na soul na mziki wa dunia?

"Habari mzee wetu. Mimi ni nesi, nina miaka 36, nakaa Umoja. Mwaka huu niliamua nipumzishe simu, nikanunua deki ya CD ya mtumba Toi Market, alafu nikachukua CD 11 kwa mpigo kutoka kwa jamaa anauza town, nusu soul za kitambo na nusu ule mziki wanaita world music. Sasa nimechanganyikiwa. Tatu zinaruka zikifika nyimbo za mwisho mwisho, na zote tatu ni za world music, za soul haziruki. Moja imeandikwa hits za Motown lakini nikiiweka ni kama mtu mwingine anaimba, si zile nilizozoea kwa redio ya marehemu baba. Mwenzangu kazini ananiambia CD huoza zenyewe, afadhali ningenunua santuri. Na ile ya Mali, Talking Timbuktu, moja ya hizo tatu, nimeiskiza mara mbili haikunishika kabisa, naona labda sina sikio la mziki. Naweza kutenga kama elfu mbili kwa mwezi. Nianze wapi, na hizi nilizo nazo nizifanyie nini?"

Dada yangu, wacha nianze na hapo kwa sikio manake ndipo paliponigusa. Unasema labda huna sikio la mziki, na mistari michache juu yake umeniambia uliweka CD ya Motown ukajua huyu anayeimba si yule. Hakuna aliyekufundisha hiyo. Wimbo ni ule ule, maneno ni yale yale, jina kwa kava ni la msanii mwenyewe, na bado sikio lako likakataa. Mimi nimefanya kazi na hizi diski hapa Nairobi zaidi ya miaka 20, kuzipanga, kuzisafisha, kutengeneza deki zake, na nimekutana na watu wenye kabati zima la CD ambao hawangeshtuka. Sikio unalo, ulilipata sebuleni kwenu kwa ile redio ya baba, na hapo ndipo nataka uanzie kila kitu.

Tuanze na hiyo Motown, yaani hits za ile kampuni ya soul ya Marekani. Uwezekano mkubwa ni kwamba anayeimba ni yule yule, ila miaka 15 au 20 baadaye. Kitambo kile mwimbaji hakuwa anamiliki kanda ya studio, kanda ilikuwa mali ya kampuni, na siku akihama anaondoka na sauti yake tu, kanda inabaki. Baadaye CD zikawa biashara kubwa, kampuni ndogo ndogo zikataka kuuza zile hits na hazina haki ya kanda, kwa hivo wakamwita mzee aje aimbe upya, wakamwekea kinanda cha umeme na ngoma za mashine, alafu kwa kava wakaweka picha yake ya ujana. Sheria inakubali lakini mnunuzi hajui anachonunua. Kinachokosekana hapo hata si sauti sana, ni bendi. Motown walikuwa wanarekodi kwa nyumba ya kawaida tu pale 2648 West Grand Boulevard, Detroit, na wapigaji walikuwa wale wale siku nenda siku rudi, waliitwa Funk Brothers, na besi ilikuwa ya James Jamerson. Besi ya Jamerson haitulii mahali pamoja, inatembea chini ya mwimbaji kama mtu anayemjibu. Ukishaizoea, ikitolewa unaskia pengo hata kama huwezi kulitaja jina.

Vile utajua ni hivi: geuza kava, tafuta yale maandishi madogo kabisa chini, tumia taa ya simu. Kukiwa na neno "re-recorded" mahali popote basi ndio hiyo. Angalia pia alama ya herufi P ndani ya duara, inafuatwa na mwaka na jina la mwenye rekodi. Ukiona hapo jina la kampuni ambayo haina uhusiano wowote na Motown, na mwaka ni wa juzi juzi tu, shuku. Kuna uwezekano wa pili, kwamba rekodi ni ile halisi lakini imewekwa kwa stereo, yaani sauti zimegawanywa spika mbili, na redio ya baba ilikuwa inacheza mono, zote kwa spika moja. Hizo nyimbo za miaka ya 60 zilichanganywa kwanza kwa mono manake zilikuwa za redio na santuri ndogo, stereo ikaja baadaye, na saa zingine sauti inasukumwa upande mmoja na ngoma upande mwingine mpaka wimbo unakonda. Jaribu kuweka spika zote mbili karibu karibu pamoja ama uziskize ukiwa jikoni, ukiona zimerudi vile unazijua basi shida ilikuwa hiyo. Kama ni zile za kuimbwa upya usizitupe, lakini hizo usizihesabu kama zako za Motown.

Tukuje kwa kuruka. Hapa umenipa dalili nzuri kuliko unavyojua, vile tu nesi angeandika: zinaruka mwisho tu, na ni zile za world music tu. Watu wengi wangekwambia uliuziwa CD mbaya. Mimi nadhani ni deki.

Skiza. CD haisomwi kama santuri, kutoka nje kuingia ndani. Inasomwa kutoka ndani karibu na tundu, ikienda nje. Ule mstari wa vishimo vidogo unazunguka na kuzunguka mpaka ukingoni, na sahani inapunguza mwendo njiani, inaanza na mizunguko kama 500 kwa dakika na huko mwisho inakuwa kama 200. Lenzi ya leza nayo inatembea kwa reli ndogo kuufuata. Sasa, albamu za soul za zamani zilitengenezwa kwa ajili ya santuri, pande mbili, kwa hivo ni fupi. What's Going On ya Marvin Gaye ni kama dakika 35. CD inabeba dakika 74 na zaidi, kumaanisha albamu kama hiyo inaisha lenzi ikiwa katikati ya safari, haikufika hata karibu na ukingo. Lakini Talking Timbuktu ni kama saa nzima. Hiyo inatembea mpaka kule nje. Ikiwa grisi ya ile reli imekauka na kushika vumbi, na kwa deki ya mtumba ambayo imekaa miaka bila kuchezwa hiyo ni kawaida sana, lenzi inakwama pale pale mwisho wa njia, inajivuta, inaruka, na wewe unalaumu CD.

Pima hivi. Azima kwa mtu CD moja safi, ya duka, ndefu, dakika 70 kwenda juu, uiweke moja kwa moja kwa wimbo wa mwisho. Ikiruka nayo, deki ndio mgonjwa. Ikicheza bila shida, zile tatu zako ndizo zina maneno na inabidi uziangalie moja moja.

Kuziangalia, kwanza geuza uone rangi ya chini. CD iliyochapishwa kiwandani ni ya fedha tupu. Ikiwa ina ukijani ama ubuluu hivi, ama zambarau, hiyo imechomwa kwa kompyuta, data imeandikwa kwa wino unaobadilika ukipigwa na leza na wino huo huchoka, hasa ukikaa kwa jua. Niliwahi kununua moja town ikiwa na kava safi na plastiki yake juu, nikaiacha juu ya dashibodi miezi miwili, siku naiweka tena hakuna kitu, deki inazungusha tu. Nilikuwa sijaigeuza kuangalia chini, na tangu siku hiyo sinunui CD bila kuigeuza kwanza. Wewe pia mwambie jamaa wako wa town akufungulie, na akikataa mwache.

Mikwaruzo, usiogope kila mkwaruzo. Watu hudhani leza inasoma uso wa plastiki. Haisomi. Vile vishimo viko juu, upande wa maandishi, na leza inapita unene wa milimita 1.2 wa plastiki safi ndio ivifikie. Ni kama kuangalia nje kwa dirisha la matatu lenye vumbi, macho yako yako kwa barabara, vumbi la kioo unaliona kwa mbali tu. Alafu walioitengeneza hii kitu, Philips na Sony mwaka wa 1980, walijua mikwaruzo itakuja, wakafanya kama mzazi mwenye hekima anayesafirisha familia Krismasi, hapakii watoto wote gari moja. Data zinazofuatana za mziki hazikai pamoja, zimetawanywa mbali mbali kwenye mstari, na kuna nambari za ziada za kurudishia zilizopotea. Mkwaruzo ukifuta kama milimita 2 na nusu za mstari mfululizo, deki inazijenga upya kabisa na huskii lolote. Ndio maana unasafisha kutoka tundu kwenda ukingoni, moja kwa moja, usizungushe mkono. Mkwaruzo unaokata mistari unagusa kila mstari kidogo na unasameheka, lakini ule unaofuata mstari unafuta kipande kirefu kwa wakati mmoja na hapo hesabu inashindwa. Tumia maji ya vuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, alafu uache ikauke kivulini. Hayo mambo ya dawa ya meno achana nayo, inasugua plastiki na ukikosea kidogo umeiongezea ukungu.

Upande ambao unafaa kuuogopa ni ule wa juu, wenye maandishi, ambao watu huweka chini kwa meza wakidhani wanalinda CD. Pale juu kuna alumini nyembamba na rangi tu, hakuna plastiki ya kuikinga. Ukikwaruza hapo umeng'oa mziki wenyewe. Inua CD kwa balbu, ukiona vitobo vya mwanga vimepenya, hivo havirudi.

Hiyo inanileta kwa mwenzako wa kazini na habari ya kuoza. Ana ukweli kiasi. Kuna CD zilizotoka kiwanda kimoja cha Blackburn, Uingereza, za kama 1988 mpaka 1993, ambazo laki yake, ile rangi ya kukinga alumini, ilishindwa na salfa iliyo kwa karatasi za kava, zikaanza kugeuka rangi ya shaba kutoka ukingoni, na zile kweli zilikufa. Ukiona CD ya miaka hiyo imekuwa kahawia, usinunue. Lakini hiyo ilikuwa kosa la kiwanda, na mimi niko na CD za miaka ya 80 zinacheza leo kama siku ya kwanza. Zikae kwa boksi zake, zisimame wima kama vitabu, mbali na dirisha la jua, basi.

Santuri nazipenda, pale Kenyatta Market kuna kibanda kinajulikana nchi nzima cha santuri na nenda siku moja ukae tu uskize, utafurahi. Kama ungekuwa unatafuta soul ya 60 peke yake ningekwambia fikiria, ila sindano nzuri ni pesa, na sindano mbovu inakula santuri kila ukicheza. Kwa mziki wa Afrika na wa dunia lakini, CD ndio iko na hazina, na hili watu wengi hawalijui. Kazi kubwa ya kukusanya mziki wa zamani wa hapa kwetu, kutafuta kanda, kutafuta wazee walio hai, kuandika historia yao, ilifanywa enzi ya CD. Ndani ya boksi unapata kijitabu kizito, majina ya wapiga gita, mwaka, studio, maana ya maneno. Ukinunua CD ya namna hiyo bila kijitabu umepoteza nusu, kwa hivo hilo nalo kagua kabla hujatoa pesa.

Sasa wapi pa kuanzia. Hii lebo ya world music isikutishe. Ilikubaliwa mwaka wa 1987 na watu wa kampuni ndogo za rekodi waliokutana kwa baa moja London, shida yao ilikuwa moja tu, wenye maduka hawakujua rafu gani waweke Franco wa Kongo, rafu gani waweke Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistani. Kwa hivo waliweka qawwali ya Pakistani, morna ya Cabo Verde na rumba ya Kongo chini ya bango moja. Wewe umekulia na rumba na zilizopendwa, ukiingia hapo kwa rafu kuna sehemu ni ya nyumbani kwenu kabisa. Ingia na mlango huo.

CD ya kwanza ningekushauri utafute ni Francophonic, ya Franco na TPOK Jazz, ilitolewa na kampuni ya Sterns, ya kwanza 2008 na ya pili 2009, kila moja ni CD mbili na kijitabu kinene. Anza na ile ya kwanza, inaanzia 1953 alipokuwa kijana. Baba yako akiwa mtu wa redio basi hizo gita ziko ndani yako tayari. Usiskize maneno, chukua gita moja tu uifuate mpaka ule mwisho wa wimbo ambapo zote zinafunguka, na uangalie vile kila gita ina kakitu kake kadogo inachorudia na hakuna anayemkanyaga mwenzake.

Kutoka hapo fuata uzi. Rumba ya Kongo ilitoka wapi? Kuanzia 1933 kampuni ya HMV ilileta Afrika santuri za mziki wa Kuba, zile za namba za GV, na Wakongo walipoziskia waliona ni kitu chao kimerudi, manake mababu wa wapigaji wa Kuba wengi walitoka hii hii pwani ya Kongo na Afrika Magharibi. Kwa hivo CD yako ya pili iwe Buena Vista Social Club ya 1997, wazee wa Havana. Utaona hauhitaji kuizoea, mguu utajua. Na kuna jambo moja la albamu hiyo linalonifurahisha, mpango wa kwanza ulikuwa waje wapigaji kutoka Mali wacheze na Wakuba, wale wa Mali wakakwama na mambo ya viza, hawakufika, ndio wakarekodi wazee wa mji. Ya tatu, Pirates Choice ya Orchestra Baobab wa Dakar, waliirekodi 1982, ni mziki wa Kuba uliopita Senegal, taratibu, saksafoni na gita vinaongea kama watu wamekaa nje ya nyumba jioni. Hapo ushafika Afrika Magharibi na hukusukumwa na mtu.

Kando ya hizo kuna Éthiopiques, msururu mrefu wa CD za mziki wa Ethiopia. Namba 4 ni ya Mulatu Astatke na haina kuimba. Ukiwa umewahi kula kwa hoteli yoyote ya Kihabeshi hapa Nairobi umeshaskia hizo skeli zao, ule utamu wenye huzuni. Kuna pia Zanzibara ya taarab na dansi ya Tanzania, ya kwanza ni ya Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa Unguja 1905. Lugha ni yako, utaelewa mafumbo yote, na hiyo ni starehe ambayo mnunuzi wa Paris hana.

Soul pia iingie na mlango wako. Kama umekulia kanisani, tafuta Amazing Grace ya Aretha Franklin, 1972, alirekodi usiku mbili kanisani Los Angeles na kwaya na watu wamejaa. Huhitaji mtu akueleze hiyo. Unaskia kabisa pahali waumini wanaanza kumjibu, na ukishaiskia hiyo unaelewa soul yote imetoka wapi. Alafu fanya hili zoezi, ni tamu: chukua Otis Blue ya Otis Redding, 1965, uskize Respect, wimbo ni wake, aliuandika yeye. Mwanaume amechoka amerudi nyumbani anadai heshima. Kisha uskize Aretha na wimbo huo huo, 1967, kwa albamu ya I Never Loved a Man the Way I Love You. Amebadilisha maneno kidogo, na mwanamke ndiye anadai sasa, na wimbo ukawa wake mpaka leo. Hapo ndipo utaona kwa nini watu tunanunua albamu nzima na si ile moja tu ya redio.

What's Going On ya 1971 lazima, na hii isikize mfululizo, usirukeruke, nyimbo zimeshonwa moja kwa ingine. Pale mwanzo kabisa kuna watu wanasalimiana kama wako kwa sherehe, alafu saksafoni, alafu Marvin anaingia. Weka hedifoni. Utaskia wako wawili, Marvin na Marvin, sauti moja inaongoza na ingine inapita kando yake. Alikuwa amerekodi mara mbili ili achague moja, fundi wa studio akazicheza zote pamoja kwa bahati, akapenda, wakaacha hivo. Mimi nimeiskiza hiyo albamu miaka mingi sana na bado nikifika hapo naacha chochote ninachofanya.

Na kwa vile wewe ni mtu wa kazi, nakuombea upate Just As I Am ya Bill Withers, 1971. Angalia kava. Ni yeye nje ya kiwanda alichokuwa anafanya kazi, California, amebeba kijisanduku cha chakula cha mchana, picha ilipigwa wakati wa lanchi. Alikuwa na miaka zaidi ya 30, anatengeneza vyoo vya ndege, na hakuacha kazi mpaka alipoona huu mziki utamlisha. Sauti yake haijaribu kukushangaza. Ni ya mtu aliyetoka shifti.

Ukijiuliza hizi pande mbili zinakutana wapi, zilikutana Kinshasa, Septemba 1974, siku tatu, James Brown, Bill Withers na B.B. King kwa jukwaa moja na Franco, Tabu Ley na Miriam Makeba. Kwa hivo ukiweka Withers asubuhi na Franco jioni hauchanganyi mambo, hawa walipanda jukwaa moja.

Pesa. Elfu mbili inatosha ukinunua CD moja au mbili kwa mwezi na si 11 kwa siku moja. Hilo la kumi na moja nakwambia kwa upendo lilikuwa kosa, si kwa pesa, ni kwa sikio, manake ukiwa na nyingi mpya unapima kila moja kwa dakika tano na hakuna inayopata nafasi. Moja ikae kwa deki wiki nzima. Soul za kawaida zinapatikana mtumba hapa hapa ukiwa na subira. Zile kama Francophonic huenda ukalazimika kumtuma mtu anayerudi kutoka Uingereza au Ufaransa azibebe kwa mkoba, manake ukiagiza mwenyewe posta na ushuru zinaweza kupita bei ya CD. Usijali toleo gani limesafishwa upya na gani halijasafishwa, hiyo ni vita ya watu wenye spika za laki, matoleo mengine mapya yamepandishwa sauti mpaka yanachosha na mengine ni mazuri kuliko ya kwanza, wewe chukua iliyo halisi na yenye kijitabu.

Deki ipeleke kwa fundi ikiwa lile jaribio la CD ndefu limefeli, ama inakwaruza kwa sauti, ama inasoma siku moja na siku ingine inakataa. Usiifungue mwenyewe ikiwa na stima, ile leza mwanga wake hauonekani vizuri lakini unaingia machoni, na wewe unajua macho hayana spea. Nenda Luthuli Avenue, ubebe Talking Timbuktu kwa mkoba. Mwambie fundi aanze na kusafisha lenzi na kutia grisi mpya kwa reli, hiyo ni kazi ya muda mfupi. Akianza kwa kukwambia lenzi imekufa tununue ingine kabla hajaigusa, shukuru uende kwa mwingine. Kweli lenzi huchoka na saa zingine lazima ibadilishwe, lakini hiyo inafuata baada ya kusafisha, si kabla. Na usilipe mpaka aiweke CD yako kwa wimbo wa mwisho, mkiwa mmesimama hapo wote wawili, icheze hadi iishe.

Kuhusu hiyo ya Mali yenyewe, iweke kando kwanza, usiipe mtu. Tafuta En Mana Kuoyo ya Ayub Ogada, 1993, nyatiti ya kwetu, nyuzi nane, ukae nayo. Utaona nyatiti haingojei kiitikio, inazunguka pale pale na kila mzunguko kuna kitu kidogo kimesogea. Gita ya Ali Farka Touré, yule wa Talking Timbuktu, inafanya hivo hivo. Nadhani ulikuwa unangojea wimbo ufike mahali fulani, na ule ulikuwa umeshafika tangu mwanzo. Ukishamaliza na Ogada, asubuhi moja ukitoka shifti ya usiku, watoto kama wapo wameenda shule, nyumba imenyamaza, weka tena Talking Timbuktu kwa deki iliyotengenezwa, sauti ya chini, uendelee na chai yako. Wimbo wa mwisho, namba 10, unaitwa Diaraby, na kwa hiyo deki yako inavyoruka huko mwisho, huo bado hujauskia.